Silinda Hedi ya Zamani: Halisi au la?

SWALI: Natafuta silinda hedi (kifuniko cha chuma cha juu ya silinda za injini) ya kiwandani, ya injini yenye nguvu, kwa ajili ya Chevrolet yangu ya mwaka 1967. Nitaitambuaje?

JIBU: Ndugu msomaji, sifa za muuzaji ziweke kando, usome chuma chenyewe. Namba iliyosubiwa juu yake, yaani iliyoumbwa chuma kilipomiminwa kwenye kalibu, hutambulisha aina ya hedi, na tarehe ya kusubiwa kwa kawaida huanza na herufi ya mwezi, A hadi L, ikifuatwa na siku na tarakimu ya mwisho ya mwaka, hivyo C 14 7 ni Machi 14, 1967, ingawa 7 hiyohiyo yaweza kuwa ya 1977, na hapo wengi hulizwa. Tarehe itangulie kuundwa kwa gari. Kabla ya kulipa, fundi apime nyufa.