Kusoma hukumu za Mahakama ya Rufani: kwa mawakili wanaoanza kazi Dodoma

Wadogo zangu mlioapishwa juzi na sasa mnahangaika kutafuta chumba cha ofisi Area C au kule Majengo, mmefika Dodoma wakati mzuri. Makao makuu ya Mahakama ya Tanzania yako hapa, kwenye jengo lililozinduliwa Aprili 2025, na Mahakama ya Rufani, iliyo ya juu kuliko zote nchini, hufanya vikao vyake katika mji huu kama inavyofanya Mwanza, Mbeya na Tabora. Kikao kikipangwa, nendeni mkakae viti vya nyuma msikilize, hata kama hamna shauri. Ila kazi kubwa iko kwenye kusoma. Naona wengi wenu mnakimbilia mistari ya mwisho: rufaa imekubaliwa, rufaa imetupiliwa mbali. Sheria haiko hapo. Iko kwenye sababu.

Chukueni shauri la Mbushuu na mwenzake, lililoanzia hapahapa. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya, akiwa Mahakama Kuu Dodoma, aliamua kuwa adhabu ya kifo inakwenda kinyume cha Katiba, akawapa washtakiwa kifungo cha maisha. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikatengua, adhabu ya kifo ikarudi. Anayesoma matokeo peke yake atasema jaji wa Dodoma alikosea, yakaisha. Ukisoma sababu unakuta Majaji wa Rufani walikubaliana naye kwamba adhabu ile ni ya kikatili na inamdhalilisha binadamu. Waliachana naye kwenye Ibara ya 30(2), inayoruhusu sheria kuweka mipaka kwenye haki kwa maslahi ya umma. Waliona adhabu hiyo inaokolewa na ibara ile, na kwamba kuifuta ni kazi ya jamii kupitia Bunge. Wakili anayelijua hili hatatumia nusu saa kuthibitisha ukatili wa kitanzi, maana hoja hiyo ilishakubaliwa. Nguvu zake zote atazipeleka kwenye 30(2).

Tena siku hizi uzito wa hukumu za Rufani umeongezeka. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu kwamba adhabu ya kifo ya lazima, isiyomwachia jaji nafasi ya kupima mazingira, inakiuka haki ya kuishi. Mwezi huohuo Tanzania ilitoa taarifa ya kujitoa kwenye tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa kwa mashauri mapya. Kwa hiyo kwa mteja wako wa kawaida, jopo la majaji watatu wa Rufani ndilo mwisho wa safari. Mimi nalichukulia hilo kwa uzito mkubwa, na ninyi lichukulieni hivyo.

Mashauri ya katiba yana funzo jingine: ushindi wa mahakamani haufuti kifungu kwenye kitabu. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu katika shauri la Rebeca Gyumi kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 na hata 14 kwa idhini ya mahakama, ni vya kibaguzi. Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukapita, sheria haikuguswa. Binti wa kijijini Chamwino hakulindwa na karatasi ile. Na msidhani hoja ya haki hushinda kila mara: Agosti 2020 jopo la majaji watano, katika shauri la Dickson Sanga, lilitengua uamuzi wa Mahakama Kuu uliokuwa umebatilisha kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa fulani.

Lakini mkate wenu wa mwanzo utatoka kwenye jinai za kawaida. Hapo someni Waziri Amani, uamuzi wa 1980 kuhusu utambuzi wa mtu, kisha mzifuate hukumu zilizoujenga. Tuseme mama wa Kongwa amevamiwa usiku na anasema alimtambua mmoja kwa mwanga wa taa ya sola. Msiishie kuuliza kama kulikuwa na mwanga. Taa ilitundikwa wapi? Ilikuwa na mwanga mkali kiasi gani, ikamulika hadi wapi? Alisimama hatua ngapi kutoka kwa mvamizi, kwa muda gani? Alimfahamu kabla? Alimtaja kwa nani kwanza, usiku uleule au baada ya siku tatu? Maswali hayo yaulizwe kwenye mahakama inayosikiliza shahidi, kwa sababu Majaji wa Rufani watafanya kazi na mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, kama ulivyoandikwa.

Kuhusu muda sina maneno mengi. Katika madai, notisi ya rufaa ni siku 30 tangu uamuzi, na rufaa yenyewe ni siku 60 tangu notisi. Barua ya kuomba nakala za mwenendo iandikwe ndani ya siku 30 hizohizo, na mjibu rufani apewe nakala yake, la sivyo cheti cha msajili cha kuondoa siku za kusubiri nakala hakitawasaidia. Mkichelewa na kuomba kuongezewa muda, shauri la Lyamuya linataka mueleze ucheleweshaji wote, na lile la Bushiri Hassan linataka hata siku moja itolewe maelezo.

Msiamini madaftari ya chuoni bila kuyahakiki. Maamuzi mawili ya Rufani yakigongana, hufuatwa uamuzi wa karibuni. Kibali cha kukata rufaa kwenye madai, kilichoangusha rufaa za wengi, kiliondolewa kwa marekebisho ya 2023, ingawa shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo bado linahitaji cheti cha hoja ya kisheria. Na Toleo la Urekebu la 2023, yaani sheria za nchi zilizochapishwa upya pamoja na marekebisho yake, linalotumika tangu Julai 2025, limebadili namba za vifungu vingi, kwa hiyo mnaponukuu hukumu ya zamani andikeni namba aliyoitumia jaji, na pembeni yake namba ya sasa.