"Ukosefu wa usawa" au "pengo"? Na fukara ni nani hasa?

Swali la leo limetoka kwa msomaji anayetafsiri ripoti ya uchumi: "Shikamoo mwalimu. Kila nikikuta neno inequality naandika 'ukosefu wa usawa', mpaka ripoti nzima imejaa hayo maneno na mwenyewe nimechoka. Hakuna namna nyingine? Na hawa wa chini niwaite maskini, fukara au walalahoi?"

Marahaba. Ukosefu wa usawa sio kosa, magazeti yanaandika hivyo na watu wanaelewa, shida inaanza ukiweka kitenzi. "Ukosefu wa usawa umeongezeka", haya, msomaji afikirie kwanza kitu ambacho hakipo, alafu akiongeze! Andika "pengo kati ya matajiri na maskini limepanuka" uone sentensi inavyotembea, manake pengo ni pale jino lilipotoka, nani hajawahi kuwa nalo. Kama ripoti inaongelea mapato tu, "tofauti ya kipato" inatosha. Na ukifika kwenye kipimo cha Gini kuwa makini, kinaanzia 0, yaani wote wako sawa, mpaka 1, yaani mmoja kabeba vyote, kwa hiyo namba ikipanda ni pengo limepanuka, usije ukaandika usawa umepanda.

Hilo neno usawa lenyewe nalo lina vituko vyake. Mtaani Dar mtu akikwambia "kwa usawa huu mchango wa harusi nisamehe tu" hadai haki yoyote, anasema hela hakuna, maisha yamebana. Kwenye ripoti haina shida, ila kama hiyo kazi itasomwa redioni, mmh.

Wenye mali na wasio na mali wengi wanasema "walionacho na wasionacho", na mi naipenda hiyo. Watu huuliza hiyo cho ni ya nini, ni ya kitu, kitu chochote: shamba, nyumba, elimu. Tukitaka pesa tunasema "yule anazo", na akili nazo zina zo yake, ndo maana kuna hamnazo. Sasa ukiandika "walionazo" umeshabaki kwenye pesa tu wakati ripoti yako labda inaongelea ardhi na shule pia.

Haya, fukara na maskini. Yote mawili asili yake Kiarabu na watu wanayachanganya kama pacha, lakini kwenye Kurani, sura ya Tauba aya ya 60, wanaostahili zaka wametajwa makundi 8 na mafukara na maskini ni makundi mawili tofauti. Wanazuoni wa madhehebu ya Kishafi, na Waislamu wengi wa pwani yetu ni Mashafi, wanasema fukara ndo yuko chini kabisa, hana kitu au anacho kiduchu, maskini anacho ila hakimtoshi. Mahanafi, madhehebu mengine ya Kiislamu, wanageuza. Kiswahili chetu kimekaa na Mashafi, ukisikia mtu kaitwa fukara ujue hali ni mbaya kuliko maskini, na hohehahe ndo hana hata pa kuegemea.

Walalahoi ni neno tamu, analala hoi, kachoka na siku haikumpa kitu, ila lina utani ndani na mara nyingi watu wanajiita wenyewe, ukiwaita wewe kwenye ripoti unaonekana unawacheka. Wanyonge nalo ni habari nyingine, mnyonge amekosa nguvu na mtetezi zaidi ya hela, ndo maana tunasema mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, na tangu Magufuli aitwe rais wa wanyonge neno limebaki na harufu ya jukwaani. Kama hasla kule Kenya baada ya uchaguzi wa 2022, ingawa hasla kwa maana yake ni anayehangaika kutafuta, anaweza asiwe maskini kabisa. Wakenya wana utani wao mwingine mzuri zaidi, wananchi na wenye nchi, huo hautafsiriki popote.

Kwa hiyo kichwa cha jedwali weka "kaya maskini", TASAF, ule mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania, walishatuzoesha. Walalahoi waache ndani ya nukuu, pale mhojiwa mwenyewe alipojiita hivyo.