Nimemchora Samatta anaonekana kama kapakwa masizi, ninunue penseli mpya?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Nachingwea, nachora wachezaji na wanamuziki ninaowapenda, siuzi. Nimemchora Samatta toka kwenye skrini shoti ya mechi ya usiku, nikatumia penseli ya 8B nikasugua kwa kidole iwe laini, ila nyumbani wanasema hafanani na kama kapakwa masizi. Jamaa mmoja anayeuza kozi WhatsApp anasema shida ni vifaa, ninunue seti kubwa ya penseli na poda ya grafaiti, ule weusi wa ndani ya penseli. Ninunue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usinunue kitu, hela yako kaa nayo. Kila wiki naletewa mchoro wa hivohivo, uso mweusi tii kama sufuria ya kuni, na kila mmoja keshaambiwa penseli ndo tatizo. Ngozi yetu haichorwi kwa weusi, inachorwa kwa mwanga, na hili nitalisema mpaka sauti ikauke.

Ukipata nafasi shika kinyago cha mpingo kilichopigwa msasa vizuri, kaa nacho dirishani. Mti wote mweusi ila sura unaiona, kwa sababu kuna mng'ao kwenye paji, mwingine mwembamba kama uzi juu ya pua, mwingine shavuni, na kwenye mdomo wa chini kuna kanukta kamoja tu, alafu ukikigeuza kidogo ming'ao inahama na sura nayo inabadilika. Fundi hajapaka rangi popote. Sasa wewe umechukua 8B ukafunika paji, pua, shavu vyote sawasawa, alafu ukaja na kidole ukamalizia na kale kamwanga kalikobaki.

Na hiyo 8B yenyewe. Penseli ni grafaiti na udongo, namba ya B ikipanda grafaiti inazidi udongo unapungua, inakuwa laini na inakoza zaidi. Lakini grafaiti haifiki weusi kamili, na ukiikandamiza inang'aa kama bati, kwa hiyo kwenye mboni ulipotaka pawe peusi kuliko pote ndo panarudisha mwanga. Mi natumia HB, 2B na 4B, basi, na penseli ya mkaa kidogo kwenye mboni na tundu za pua maana mkaa haung'ai (uweke mapema, juu ya grafaiti haushiki). Poda ya nini?

Kidole ndo kinaniudhi kuliko yote. Kidole kina mafuta, na kwa joto la huku kwetu kina jasho pia, ukisugua yanaingia kwenye karatasi na ufutio hauyatoi tena, yani ule mwanga wa paji ukitaka kuurudisha haurudi. Weka karatasi safi chini ya mkono, jenga giza kwa mistari midogo tabaka juu ya tabaka, na usimame kabla hujafika kwenye mng'ao. Pale unaacha karatasi yenyewe, au unapitisha HB kwa mbali sana.

Kutofanana ni kesi nyingine. Picha uliyonitumia nimeiona, macho umeyaweka juu mno. Pima toka utosini, sio toka nywele zinapoanzia, mpaka kidevuni, macho yanakaa karibu katikati. Na skrini shoti ya mechi ya usiku taa zinampiga mtu toka pande zote, kivuli hakuna, utachora nini? Tafuta picha ambayo mwanga umetoka upande mmoja. Selfi nazo achana nazo, simu ikiwa karibu pua inakua masikio yanasinyaa, alafu unajilaumu mkono.

Sasa hao wa kozi. Nawajua wanavyofanya, picha inaingizwa kwenye apu, inageuzwa filta ya penseli, inaprintiwa hafifu steshenari alafu wanapitisha penseli juu, eti kazi ya mkono. Msimu wa korosho mmoja alikuja mama toka Newala na picha ya marehemu mama yake, alimlipa mtu amchoree toka kwenye paspoti saizi, miaka miwili tu ukutani imepauka nusu ya uso. Grafaiti haipauki na jua, wino wa printa ndo unapauka. Nilipitisha ufutio pembeni kabisa, haukutoa kitu, nikaielekeza kwenye mwanga, haikung'aa popote, yani huyo hata penseli hakupitisha, ni printi tupu. Alikaa kimya muda mrefu akiishika ile fremu, na ile paspoti yenyewe jamaa alishaipoteza. Kwa hiyo yeyote anayelipia picha ya mkono afanye hivo vitu viwili kabla hajatoa hela, ufutio pembeni na kuinamisha kwenye mwanga, na picha halisi asimwachie mtu, ampe kopi.

Na nyie mnaojifunza, ukipitisha penseli juu ya printi mkono haujifunzi kitu, siku mtu akikaa mbele yako kwenye kiti unaanza kutafuta kebo ya printa.

Samatta muweke pembeni kwanza. Mkalishe mtu wa nyumbani karibu na mlango asubuhi, mwanga uingie upande mmoja, finya macho mpaka uone ming'ao tu, ihesabu, uianzie hiyo. Karatasi ya manila inatosha. Ukimaliza nitumie, hata kama hafanani.