Kabla Hujasaini Kiwandani Tijuana, Ulizia Chama

Tangu Januari 2025 simu yangu haitulii. Marekani ilipoifuta CBP One, programu ya simu ya kuombea miadi ya kuingia nchini kwao, tarehe 20 mwezi huo, miadi yote iliyokuwa imepangwa ilikufa nayo. Watu wetu kutoka Afrika waliokuwa wanaichukulia Tijuana, mji wa Meksiko ulio mpakani na Marekani, kama mahali pa kulala usiku mbili tatu wakajikuta wanatafuta chumba cha kupanga na kazi ya kudumu. Kazi iliyopo huku ni ya kiwandani. Wakishapokea mshahara wa kwanza ndipo wananipigia: "Dada, wamenikata pesa ya chama. Chama gani? Mbona mimi sikujiunga na chochote?"

Ulijiunga, ndugu yangu. Ulisaini.

Mimi nilianza kwenye laini ya vifaa vya hospitali, kule Otay, hapahapa Tijuana. Kuajiriwa kwangu kulimalizika asubuhi moja: nakala ya kadi ya mgeni kwa sababu za kibinadamu, CURP (namba ya utambulisho ya serikali), namba ya IMSS (hifadhi ya jamii), kipimo cha macho, kisha rundo la karatasi. Kijana wa ofisi aliyenipitisha alikuwa anafunua kona tu ya kila ukurasa na kuweka kidole palipo na mstari. Kidole kikihama, unasaini. Mojawapo ya zile karatasi ilikuwa fomu ya chama cha wafanyakazi. Nyingine ilikuwa tupu kabisa, nyeupe, na kidole kikawekwa chini yake vilevile. Nikamwambia hiyo sitasaini mpaka iandikwe kitu. Akaniangalia, akaichomoa, tukaendelea kana kwamba haikuwahi kuwepo. Karatasi ile hujazwa baadaye kuwa barua ya kuacha kazi kwa hiari, siku wakikuchoka. Ukikutana nayo, fanya kama nilivyofanya. Kwa kawaida hawabishani, maana nao wanajua ni haramu.

Wiki ya kwanza niliwauliza wenzangu wa laini mwakilishi wetu wa chama ni nani. Mama mmoja wa Sinaloa, mwenyeji wa pale, alicheka hadi akavua miwani ya kazi. Akasema huonekana Desemba, kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka, chama kinapochezesha bahati nasibu ya televisheni.

Kwa mtu aliyetoka Bukavu kama mimi hilo halikuwa geni sana. Wazee wetu waliishi na UNTZa, chama kimoja cha wafanyakazi chini ya chama kimoja cha Mobutu. Wasomaji wa Tanzania wanaikumbuka NUTA ya 1964, na JUWATA baada yake. Ila Meksiko walitutangulia katika mambo haya, na wao waliyafanya kwa ustadi zaidi. Ukitaka kuelewa yale makato kwenye hati yako ya mshahara, lazima ujue walifikaje hapo.

Wafanyakazi wa Meksiko walipata haki zao mapema kuliko wengi duniani. Migodini Cananea waligoma mwaka 1906 wakapigwa risasi. Baada ya mapinduzi, katiba ya 1917 ikaandika katika kifungu cha 123 siku ya kazi ya saa 8, haki ya kuunda chama na haki ya kugoma. Maneno mazito. Lakini aliyeshika kalamu ni serikali, na serikali ikabaki na kalamu. Ndiyo iliyoamua chama kipi kisajiliwe, mgomo upi uitwe halali, kiongozi yupi atambuliwe. Mwaka 1936, wakati wa Rais Lázaro Cárdenas, likaanzishwa CTM, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na miaka miwili baadaye wafanyakazi wakafanywa tawi rasmi la chama tawala. Simdharau Cárdenas. Machi 1938 alitaifisha mafuta baada ya kampuni za kigeni kukataa hukumu iliyowapa haki wafanyakazi wa visimani, na hilo hadi leo watu huku wanalikumbuka kwa heshima. Tatizo ni kwamba mlango ule uliowaingiza wafanyakazi ikulu ndio serikali iliotumia kuingia ndani ya vyama vyao.

Mwaka 1948 serikali iliwasimika wafanyakazi wa reli kiongozi wake, Jesús Díaz de León, mtu aliyependa kuvaa mavazi ya wachunga farasi wanaoitwa charro. Tangu hapo kiongozi kibaraka huku anaitwa charro, na neno hilo utalisikia kwenye basi la kiwanda karibu kila wiki. Wanareli walipojaribu kujikomboa mwaka 1959 jeshi liliingilia, na kiongozi wao Demetrio Vallejo akakaa gerezani zaidi ya miaka 10. Fidel Velázquez naye aliiongoza CTM karibu mfululizo tangu 1941 hadi alipofariki 1997, akiwa na miaka 97. Marais wanakuja, marais wanaondoka, yeye yupo.

Sasa tufike kwenye kiwanda chako. Mpango wa viwanda vya mpakani ulianza 1965, mwaka mmoja baada ya Marekani kuufunga ule wa vibarua wa mashambani walioitwa braceros. Wawekezaji walitaka utulivu, na utulivu ulikuwa unauzwa. Mwenye kiwanda alikaa na wakili wa chama, wakatia saini mkataba wa hali bora, yaani ule wa pamoja wa mishahara na masharti ya kazi kwa wote, kabla mfanyakazi hata mmoja hajaajiriwa. Ndani ya mkataba huo hakuna kitu zaidi ya kile ambacho sheria inakulazimisha kulipa. Faida yake kwa mwajiri ni moja: chama kingine kikija, nafasi imeshajazwa. Ukilalamika, kesi yako ilikwenda kwenye baraza lenye watu watatu: wa serikali, wa waajiri na wa vyama. Yule wa vyama mara nyingi alitoka kwenye chama hichohicho unachokilalamikia.

Kwa hiyo wenyeji wengi watakwambia vyama vyote ni wezi, achana navyo. Mimi nakwambia usiachane navyo, kwa sababu sheria imebadilika na wengi wa wageni hatujui.

Katiba ilirekebishwa 2017, na sheria ya kazi ikafuata tarehe 1 Mei 2019. Yale mabaraza ya watu watatu yakaanza kuondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na mahakama za kazi na vituo vya usuluhishi. Usajili wa vyama na mikataba ukapewa Kituo cha Shirikisho cha Usuluhishi na Usajili wa Kazi, ambacho kwa kifupi huandikwa CFCRL. Mkataba hauwi mkataba mpaka wafanyakazi wengi waukubali kwa kura ya siri, mmoja mmoja. Nisikudanganye kwamba serikali iliota tu asubuhi moja ikawa na huruma. Marekani na Kanada zilikuwa zinasukuma, kwa sababu mkataba mpya wa biashara ulikuwa mezani. Ulianza kazi Julai 2020, na ndani yake kuna utaratibu wa haraka wa kukibana kiwanda kimoja kimoja kinachonyima watu uhuru wa chama. Vyama vya Marekani navyo vilisukuma, kwa kuhofia kazi zao kuhamia huku kwenye mishahara ya chini. Kila mtu na lake. Wewe chukua lililo lako.

Kipimo cha kwanza kilikuwa Silao, jimbo la Guanajuato, kwenye kiwanda cha General Motors kinachounda malori madogo. Pale mwaka 2019 kundi la wafanyakazi lilikataa kufanya ovataimu kuwaunga mkono wenzao wa Marekani waliokuwa kwenye mgomo. Baadhi yao wakafukuzwa. Aprili 2021 walipiga kura kuhusu mkataba wa zamani wa chama cha CTM, wakaguzi wakakuta karatasi za kura zimeharibiwa, kura ikasimamishwa. Agosti ikarudiwa chini ya macho ya watu wengi: 3,214 waliukataa mkataba, 2,623 waliukubali. Februari 2022 wakachagua chama kipya, SINTTIA, kinachoongozwa na mwanamke aliyetoka kwenye laini hiyohiyo, Alejandra Morales. Kilipata kura 4,192, na Mei mwaka huohuo kikarudi na nyongeza ya asilimia 8.5. Kwa ofisi asilimia hiyo ni ndogo. Kwa mtu wa laini ni kodi ya nyumba.

Kwingine mambo hayakuwa hivyo. Mikataba yote ya zamani nchini ilipewa mpaka 1 Mei 2023 ipigiwe kura, la sivyo ife. Kwenye daftari ilikuwa zaidi ya 139,000. Iliyothibitishwa ilikuwa kama 30,000. Hesabu hiyo inakuonyesha ngapi zilikuwa karatasi za droo tu. Lakini pia katika ile iliyothibitishwa, sehemu kubwa ilipita na chama kilekile cha zamani, kwa watu wachovu waliopanga foleni mwisho wa zamu wakaweka alama kwenye ndiyo ili wawahi basi.

Basi ufanyeje?

Kwanza omba mkataba wa hali bora. Mwajiri anatakiwa akupe nakala iliyochapishwa, bure, ndani ya siku 15 baada ya mkataba au marekebisho yake kusajiliwa. Ofisi ikikuzungusha, ingia kwenye daftari la CFCRL mtandaoni, liko wazi kwa umma. Tafuta jina la kampuni kama lilivyoandikwa kwenye hati ya mshahara, si lile la kwenye bango la geti, maana mara nyingi ni majina mawili tofauti. Mimi ndivyo nilivyougundua wetu. Kurasa zilikuwa nyingi, na likizo iliyoandikwa ilikuwa ileile ya sheria: siku 12 kwa mwaka wa kwanza, bila nyongeza hata ya siku moja. Bonasi ya mwisho wa mwaka, ileile siku 15. Nilikuwa nachangia chama kilichonipatia kile nilichokuwa nacho tayari.

Yale makato yanaitwa cuota sindical kwenye hati. Sheria inakuruhusu kuandika barua kwamba hutaki kukatwa, na mwajiri hawezi kukukata tena. Binafsi siwashauri wageni waanze na barua hiyo. Inaokoa pesos kidogo na inakuweka peke yako kwenye macho ya msimamizi. Afadhali ubaki ndani upige kura, kwa sababu mkataba hupitiwa upya wote kila baada ya miaka 2, na marekebisho hayo lazima yapigiwe kura. Siku hiyo uingie ukiwa umesoma. Jina lako liwe kwenye orodha, karatasi uijaze peke yako, na msimamizi yeyote asiwepo karibu na sanduku. Akiwepo, andika saa na jina lake. Ushahidi wa namna hiyo ndio uliosimamisha kura za watu wengine.

Kuna hofu yetu wageni ambayo naijua vizuri. Kifungu cha 33 cha katiba kinamkataza mgeni kujiingiza katika siasa za nchi, na wasimamizi wengine hukitaja kwa kunong'ona ukiulizia habari za chama. Wanakuchezea. Kupiga kura kuhusu mkataba wako wa kazi si siasa ya nchi. Sheria ya kazi inampa haki ya chama kila mfanyakazi bila kubagua. Kinachotuhusu kweli ni kifungu cha 7 cha sheria hiyo, kinachotaka asilimia 90 ya wafanyakazi wa kiwanda wawe Wameksiko. Ukikataliwa kazi geti la kwanza, huenda ni hesabu hiyo tu; nenda geti la pili.

Lakini usiwe wa mbele kabisa peke yako. Angalia Matamoros, mji mwingine wa mpakani: Januari 2019 serikali ilipandisha kima cha chini cha mpakani mara dufu hadi pesos 176.72 kwa siku. Waajiri walijaribu kukwepa nyongeza zilizofungamanishwa nacho, na makumi ya viwanda vikasimama. Wafanyakazi walidai nyongeza ya asilimia 20 na bonasi ya pesos 32,000, na viwanda vingi vilikubali. Baada ya hapo wengi waliokuwa mstari wa mbele waliachishwa kazi, na majina yao yakazungushwa ili wasiajiriwe kwingine. Mwenyeji ana shangazi wa kumpa chakula miezi mitatu. Wewe je?

Ukifukuzwa, una miezi 2 tu ya kudai. Watu wetu wanaipoteza miezi hiyo kwa kungoja simu ya ofisi iliyoahidi "tutakuita". Nenda moja kwa moja kwenye kituo cha usuluhishi, ndiyo hatua ya lazima kabla ya mahakama. PROFEDET, ofisi ya serikali ya kuwatetea wafanyakazi, inatoa wakili bure. Wa kituoni watakuuliza hati za mshahara, kwa hiyo kila Ijumaa ipige picha ujitumie mwenyewe. Angalia pia mshahara uliosajiliwa IMSS. Mwaka 2025 kima cha chini mpakani kilikuwa pesos 419.88 kwa siku, na wiki hulipwa siku 7 hata ukifanya kazi 6. Kama IMSS wameandikiwa chini ya unacholipwa mkononi, hata fidia na mafao yako yatapigiwa hesabu ya chini.

Na ukiamua kuondoka mwenyewe, iwe kwenda Monterrey au kurudi nyumbani, usiondoke kimyakimya Jumapili usiku kama wengi walivyofanya enzi za CBP One. Anayeacha kazi kwa hiari bado anadai sehemu ya bonasi ya mwisho wa mwaka kwa miezi aliyofanya, siku za likizo ambazo hajazichukua, na nyongeza ya asilimia 25 juu ya likizo hizo. Huku wanaiita finiquito. Soma kiasi kabla ya kusaini, na kama umeshaondoka bila kulipwa, una mwaka mmoja wa kukidai.