Spindo imerusha ubao: nianze na nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina karakana ya useremala Nkuhungu, hapa Dodoma, na vijana watatu. Nimenunua spindo iliyotumika (mashine ya kupiga umbo kwenye ukingo wa mbao), ya fezi tatu, yenye puli za mizunguko 3,000, 4,500, 6,000 na 9,000 kwa dakika. Kichwa chake, yaani kile kinachoshika visu kwenye shafti, ni kile cha pembe nne cha zamani. Visu viwili nimechonga mwenyewe kwa grainda kutoka kwenye kisu chakavu cha mashine ya randa, na vikishafungwa kipenyo kinafika milimita 150. Naiendesha kwa 9,000 ili uso utoke laini. Juzi kijana wangu alikuwa anapitisha kipande cha mninga cha sentimita 20, mashine ikakinyakua na kukirusha mpaka ukutani. Hakuumia. Pia kuna siku mota inanguruma tu, haizunguki. Nina oda ya milango ya paneli, baadhi ina tao juu. Spidi sahihi ni ipi, na niifunge vipi?

JIBU: Marahaba, fundi. Namshukuru Mungu kijana yuko salama. Nitafika kwenye spidi, lakini kwanza nakuomba uvifungue hivyo visu leo, na mashine isiwashwe mpaka upate kichwa kingine. Najua mteja ameshatoa advansi na anapiga simu kila siku. Ndiyo maana nataka uone hesabu yenyewe, uamue ukiwa unaijua.

Chukua kisu chenye gramu 200, uzito wake ukiwa umekaa milimita 60 kutoka katikati ya shafti. Kwa 9,000 kinavutwa kuelekea nje kwa nguvu inayozidi kidogo uzito wa tani moja. Kwenye kichwa cha pembe nne, kinachozuia tani hiyo ni mbano wa boliti peke yake. Hakuna pini wala meno yanayokikamata kisu kisichomoke. Boliti ikilegea, au uzi wake ukiwa umelika, kisu kinaondoka na hakuna anayeweza kukikwepa. Sasa ongeza grainda. Chuma cha kisu cha randa kimepikwa kiwe kigumu. Ukikichonga kikavu mpaka kikawa cha bluu, pale penye bluu panaweza kuwa pamelegea, na pembeni yake panaweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho. Halafu kuna mizani: visu viwili vikitofautiana gramu 5 tu, shafti inavutwa upande mmoja kwa nguvu ya kilo 27 hivi, mara 150 kila sekunde. Mtetemo huo unakula beringi na unalegeza boliti zilezile tunazozitegemea.

Tafuta kichwa cha duara ambacho visu vyake vina matundu ya pini, na mbele ya kila kisu kuna kizuizi chenye umbo lilelile. Kisu kinatokeza mbele ya kizuizi kwa milimita 1.1 isizidi. Kizuizi hicho ndicho kinachokataza ubao kuzama ndani ya kisu, na kuzama huko ndiko kulikokirusha kipande cha kijana wako. Vichwa vilivyotengenezwa kwa viwango vya Ulaya kwa ajili ya kusukuma mbao kwa mkono huandikwa MAN. Vilivyoandikwa MEC ni vya mashine yenye fida, yaani ile ya magurudumu inayosukuma ubao yenyewe. Kila kichwa kizuri pia kimechorwa spidi ya mwisho kinayoruhusiwa. Kisicho na maandishi yoyote, mwachie muuzaji hata kama bei inavutia.

Kabla ya kulipa pima kipenyo cha shafti yako kwa kipimo cha venia. Mashine nyingi za Ulaya zina milimita 30, ila za Kiingereza mara nyingi ni inchi moja na robo, yaani milimita 31.75. Tofauti hiyo ni ndogo machoni, lakini kichwa cha tundu la 31.75 kwenye shafti ya 30 kitazunguka kikiwa kimekaa upande. Usikijazie kwa karatasi ya bati wala utepe.

Sasa spidi. Kinachotufaa kujua ni mwendo wa ncha ya kisu, siyo mizunguko peke yake. Kwa spindo tunautaka uwe kati ya mita 40 na 70 kwa sekunde. Njia fupi ya karakana ni hii: zidisha kipenyo kwa milimita na mizunguko kwa dakika. Jibu likiwa kati ya 770,000 na 1,300,000 upo mahali pazuri. Kipenyo cha 150 kwa 9,000 kinatoa 1,350,000, umeshapita, tena kwa visu vya kujichongea. Kwa 6,000 unapata 900,000, na hiyo ndiyo spidi yako kwa kichwa kizuri cha 150. Kichwa kipana cha paneli cha milimita 200 kipeleke 4,500. Kidogo cha 100 ndicho kinachostahili 9,000. Haya yote ni pale tu maandishi ya kichwa yanaporuhusu: kikisema mwisho 5,500, usiipite hata kama hesabu yangu inasema vingine; kwa puli zako hapo unashuka 4,500.

Wapo wanaodhani wakishusha sana spidi wanajiongezea usalama. Hapana. Ukisukuma ubao mita 6 kwa dakika kwenye visu viwili vinavyozunguka 6,000, kila kisu kinamega nusu milimita. Kwa 3,000 kila kisu kinamega milimita nzima, na kisu kinachomega kingi ndicho kinachonyakua. Ndiyo maana pia umeme ukishuka na ukasikia sauti ya mota inazama, acha kusukuma. Uvute ubao utoke taratibu kwenye fensi, ule ukuta unaouongoza ubao, usimalizie kipande kilichobaki.

Kuhusu mota kunguruma, hiyo ni dalili ya fezi moja kupotea. Inaweza kuwa fyuzi, waya uliolegea kwenye stata (swichi ya kuwashia mota), au tatizo limeanzia kwenye nguzo. Zima mara moja, maana mota ya fezi tatu ikibaki na mbili inaungua ndani ya muda mfupi. Mwite fundi umeme mwenye leseni akufungie stata yenye kinga ya mzigo kuzidi na kinga ya fezi kukosekana. Mwambie pia swichi iwe ya aina ambayo umeme ukikatika inajiachia, ukirudi mashine haiwaki mpaka mtu abonyeze. Umeme wetu unaweza kukatika kijana akiwa ameweka mikono karibu na kisu anatoa maranda, ukarudi hapohapo.

Na kila mara waya zinapoguswa, iwe karakanani kwako au TANESCO wamefanya kazi kwenye laini, hakiki mashine inazunguka upande gani. Fezi mbili zikibadilishana nafasi, mota inageuka. Toa kichwa kwanza, bonyeza uzime, tazama shafti. Ukiitazama kutoka juu inatakiwa izunguke kinyume cha mshale wa saa, na ubao unauingiza kutoka kulia kwenda kushoto, ukikutana na kisu uso kwa uso. Ikigeuka, kisu kitauvuta ubao pamoja na mikono, na nati ya juu inaweza kujifungua yenyewe.

Siku ya kufunga kichwa, zima swichi kuu, siyo ile ya mashine tu. Futa shafti na ringi, zile pete za kujazia nafasi kwenye shafti, kwa sababu chembe moja ya vumbi kati ya ringi inatosha kukiinamisha kichwa. Kichwa kikae chini kabisa kadiri umbo linavyoruhusu, karibu na beringi, nafasi ya juu uijaze kwa ringi, kisha weka washeri ya kufungia, kisha nati. Kaza, toa spana, zungusha kwa mkono mzunguko mzima ukiangalia kisu hakigusi meza wala fensi. Panapowezekana, kisu kikate upande wa chini wa ubao. Ubao ukinyanyuka kidogo unakimbia kisu, na unaweza kuupitisha tena. Kisu kikiwa juu, ubao ukinyanyuka unaingia ndani yake.

Fensi za spindo ni mbili, na nusu ya kazi mbovu ninayoiona inatoka hapo. Weka rula ndefu ya chuma kuzipitia zote. Kama umbo linabakiza sehemu ya ukingo wa asili, ziwe mstari mmoja. Kama kisu kinaondoa ukingo wote, fensi ya kutokea isogee mbele kwa kiasi kilekile kinachoondolewa, la sivyo ubao unabaki hewani baada ya kisu na mwisho wake unazama. Halafu ziba lile pengo kati ya fensi mbili: funga ubao wa plaiwudi unaopita mbele ya fensi zote, wenye tundu ulilolikata kwa kipimo cha kisu tu. Kipande cha sentimita 20 kina pa kuegemea hapo, wakati kwenye pengo la wazi pua yake inaingia na safari yake inaanza.

Hata hivyo kipande kifupi kama kile sipendi kipite kabisa kwa mkono. Piga umbo kwenye ubao mrefu, kisha ukate vipande. Kwa mbao za kulala za mlango, ambazo lazima zikatwe umbo kwenye vichwa vyake, yaani ncha zake mbili, tengeneza kibao cha kubebea: kizito, chenye ukingo wa mraba, klampu mbili za kubana kutoka juu, na kipande cha mbao nyuma ya kazi ili nyuzi zisichanike kisu kinapotoka. Mikono inashika vishikio vya kibao, haigusi mninga. Anza na vichwa, ndipo upige pande ndefu, ili mchaniko mdogo wa mwisho uondolewe na pasi inayofuata, yaani ubao unapopitishwa tena. Paneli vivyo hivyo, pande zinazokata nyuzi zitangulie.

Usitoe umbo zima kwa pasi moja. Kwa mninga mkavu, milimita 2 au 3 kila pasi inatosha, ukisogeza fensi nyuma kidogokidogo. Mapema tenga mbao zenye fundo legevu au ufa kwenye ncha, na ukitumia paini ya Sao Hill iliyoshushwa juzi na bado ina maji, iache kwanza kwenye kivuli ikiwa imepangwa na vijiti katikati. Kiangazi cha Dodoma kinakausha uso haraka huku ndani bado mbichi, na paneli ya namna hiyo itasinyaa mlangoni kwa mteja. Paneli isigundishwe kwenye mfereji wake ndani ya fremu. Mvua za Desemba zikija inahitaji nafasi ya kutanuka.

Kinga za juu na za pembeni za mashine zirudishwe kama zilitolewa na mwenye mashine wa kwanza. Mbele ya kisu fungia vibanio viwili, kimoja kinachobana kutoka juu na kingine kutoka pembeni, ili ubao usukumwe mezani na kwenye fensi bila kidole. Ukipata pesa ya kununua kitu kimoja zaidi baada ya kichwa, nunua fida. Mbele yake ielekee kwenye fensi kidogo sana, na magurudumu ya kutokea yawe yameshika ubao kabla haujaacha ya kuingilia. Hakuna kifaa kinachoweka mikono ya vijana wako mbali na kisu kama hicho.

Glavu hapana, kisu kikishika uzi wake kinavuta mkono mzima. Mikono ya shati ikunjwe juu ya kiwiko, bangili na saa zitolewe. Masikio yazibwe. Vumbi la mninga huwashia wengi pua na kifua, na vumbi la mbao kwa jumla limewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la kwanza la visababishi, kwa hiyo barakoa iwe ya kuchuja vumbi hasa. Kitambaa hakitoshi, hata kama upepo wa Nkuhungu unakuaminisha kwamba vumbi lote linaondoka.

Vijana watatu ni wafanyakazi wako, na kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 karakana inatakiwa isajiliwe OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na mashine ziwe na kinga. Waandikishe pia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Spindo iwe na mtu mmoja au wawili wanaoruhusiwa kuigusa, uliowafundisha mwenyewe, na asisimame mtu kwenye mstari ambao ubao ungerudia.

Zile paneli za tao zinafanyika, lakini fensi haitumiki. Unafunga ringi yenye beringi kwenye shafti, inayotembea kwenye kiolezo kilichofungwa chini au juu ya kazi. Kiolezo kiwe kirefu kuliko kazi pande zote mbili, kiguse ringi kabla kisu hakijagusa mbao, na pale pa kuingilia ufunge mezani kipande imara cha kuegemeza. Tao ulikate kwanza kwa msumeno, ubakize milimita 2 tu za kisu, kwa sababu nusu ya tao lazima uende kinyume cha nyuzi. Kwa oda hii, mwombe mteja akuongezee muda kwenye milango ya tao. Anza na ile iliyonyooka mpaka kijana wako azoee sauti na mwendo wa kichwa kipya, na tao za kwanza uzipige wewe mwenyewe kwenye mbao za majaribio za paini.