Maswali ya Wasomaji: Siku Nzima Ziwani Kumtafuta Kapu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na rafiki yangu huvua kwa mshipi siku za mapumziko. Katika ziwa lililo karibu nasi wamo samaki wakubwa aina ya kapu, na tunawaona wakiruka na kuanguka kwa kishindo, lakini mara nyingi tunarudi mikono mitupu huku samaki wadogo wakitumalizia chambo. Rafiki yangu anasema tunamwaga chambo kidogo mno na kwamba tuwe tunahamahama. Mimi naona afadhali tukae mahali pamoja tusubiri. Tukiwa na siku nzima, tangu alfajiri hadi jioni, tuitumieje? — Msomaji na Rafiki Yake

JIBU: Ndugu zangu, kila mmoja wenu ana sehemu ya ukweli, ila nyote wawili mnaianza siku kwa kurusha ndoana, na hapo ndipo inapoharibika. Kapu, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Cyprinus carpio, hatawanyiki ziwani kwa usawa. Huenda kwa makundi madogo akifuata chakula na joto la maji, na sehemu kubwa ya ziwa inaweza kuwa tupu kwa saa nyingi. Mtu anayechagua mahali pa kuketi kwa sababu pana kivuli kizuri, au kwa sababu ni karibu na njia, amejichagulia starehe yake tu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao nauamini kuliko yote yatakayofuata, ni kwamba katika saa ya kwanza baada ya kufika msifungue hata mifuko ya fimbo. Lizungukeni ziwa, mmoja huku na mwingine kule, mkutane ng'ambo na kuelezana mlichokiona. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kuwa wawili, na wavuvi wengi wanaoandamana hawaitumii kabisa.

Kuruka kwa samaki, ambako ndiko mlikotaja, kunawaambia tu kwamba kapu wapo, kwani anayeruka huenda anapita njia. Dalili zenye thamani zaidi ni zile za samaki anayekula. Kapu huinamisha kichwa kwenye tope, huchomoza midomo yake, hufyonza tope pamoja na vijidudu vilivyomo, kisha huchuja na kutema kisichofaa. Kazi hiyo hufungua gesi iliyonaswa chini, nayo hupanda kwa vishada vya mapovu madogo madogo. Yatazameni mapovu hayo kwa utulivu: yakiendelea kutokea pale pale bila kusogea, huenda ni majani yanayooza, yakisonga polepole kuelekea upande mmoja, yakakoma, kisha yakaanza tena hatua chache mbele, hapo yupo samaki anayechimba. Tazameni pia maji yanayogeuka rangi ya tope kwenye kina kifupi, matete yanayotikisika ilhali hakuna upepo, na majani ya yungiyungi yanayosukumwa kutoka chini.

Upepo nao usidharauliwe. Wengi huketi wakiupa mgongo kwa sababu ni rahisi kurusha na uso haupigwi. Lakini upepo wa vuguvugu ukivuma muda mrefu husukuma maji ya juu, pamoja na chakula kinachoelea, hadi ukingo unaopigwa na mawimbi, na mawimbi hayo huongeza hewa majini. Kapu hufuata. Mkikosa dalili nyingine yoyote, nendeni upande huo mkakabiliane na upepo. Upepo wa baridi unaoshusha joto la ziwa ghafla ni jambo tofauti. Hapo tafuteni kona iliyokingwa. Kapu ni samaki wa maji ya vuguvugu: maji yakishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi hula kwa uvivu sana, na yakiwa kati ya nyuzi 15 na 25 hula kwa bidii.

Sasa nije kwenye ubishi wenu. Kuhusu wingi wa chambo, siungani na rafiki yako. Kapu hana tumbo la kuhifadhia chakula. Anachokila huingia moja kwa moja kwenye utumbo mrefu, ndiyo maana hula kidogo kidogo kwa muda mrefu. Mkimwaga ndoo nzima, mnampa punje elfu za kuchagua, na ile yenye ndoana inapotea katikati yao. Konzi mbili tatu zilizotupwa mahali pamoja zinatosha kumfanya asimame na kutafuta, kisha ongezeni konzi moja kila mnapopata samaki au kila mnapoona mapovu yamekoma.

Samaki wadogo wanawasumbua kwa sababu, nadhani, mnatumia mkate laini au minyoo. Badilisheni mtumie punje kubwa za mahindi. Kapu hana meno mdomoni, lakini kooni ana meno mapana ya kusagia yanayoweza kuvunja hata konokono, kwa hiyo kigumu hakimsumbui jinsi kinavyowasumbua wadogo. Mahindi makavu lazima yalowekwe usiku kucha, tena yachemshwe hadi yalainike hadi ndani, kwa kuwa nafaka kavu huvimba ikiwa ndani ya samaki na inaweza kumdhuru.

Kuhusu kuhama, rafiki yako yuko sahihi kuliko wewe, ila kwa sharti. Mhamie dalili, msihame kwa kuchoka. Mmoja akiwa analinda fimbo, mwingine na aendelee kuzunguka kila baada ya muda akitazama maji. Akiona mapovu kwenye ghuba nyingine, na kwenu kumekuwa kimya kwa saa mbili, kusanyeni vitu mwende. Lakini mkisha kuona samaki wanakula mbele yenu, subira yako ndiyo inayotakiwa, hata kama hakuna kilichonasa kwa muda mrefu.

Kabla ya kutega, mmoja afunge chubwi tupu, yaani kizito cha kuzamisha mshipi bila ndoana, kwenye mshipi, arushe, kisha aivute taratibu huku mshipi ukipita kwenye ncha ya kidole. Chini kukiwa na changarawe atahisi mkwaruzo na mitetemo midogo. Kukiwa na tope zito chubwi itakwama na kuachia kama inavutwa kutoka kwenye unga uliokandwa. Kukiwa na majani itazidi kuwa nzito hadi ije imejaa uchafu. Tegeni pale palipo pagumu kando ya palipo laini, kwa kuwa chambo hakizami kikapotea, na kapu hupita kwenye mipaka ya namna hiyo wakitafuta chakula.

Jambo ambalo marafiki wawili huligombania bure ni kuzungumza. Sauti ya mtu inayosafiri hewani hurudishwa karibu yote na uso wa maji, kwa hiyo mazungumzo ya kawaida hayamfukuzi samaki. Kinachomfukuza ni kishindo cha miguu ukingoni, sanduku linalobwagwa chini na jiwe linaloteremka majini, kwa sababu mitetemo hiyo hupitia ardhini hadi majini moja kwa moja. Kapu ana vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu chake cha hewa na sikio la ndani, navyo humfanya awe msikivu kuliko samaki wengi. Zungumzeni mpendavyo, lakini tembeeni taratibu, na vivuli vyenu visianguke juu ya maji mnayovua.

Mchana wa jua kali, mapovu yakikoma, msilale. Mara nyingi kapu hupanda karibu na uso wa maji kuota joto, na hapo kipande cha ganda la mkate kinachoelea, bila chubwi wala boya, hufanya kazi ambayo chambo cha chini hakikuweza. Tupeni vipande vichache visivyo na ndoana kwanza, na msirushe chenye ndoana mpaka muwe mmewaona wakivila bila woga. Kisha rudini kwenye chambo cha chini jioni, kwa sababu machweo, sawa na alfajiri, ndiyo saa zenye matumaini zaidi.

Kwa anayedhani kwamba vifaa vya kisasa ndivyo vinavyoleta samaki, namkumbusha Richard Walker wa Uingereza. Usiku wa tarehe 13 Septemba 1952, akiwa na rafiki yake Peter Thomas kwenye bwawa la Redmire, alimvua kapu wa karibu kilo 20, na rekodi hiyo ya nchi yake ilidumu hadi mwaka 1980. Chambo chake kilikuwa mkate.

SWALI: Kapu wanagusa chambo changu, boya linatikisika, lakini nikivuta hakuna kitu. Nimejaribu kuvuta mapema na kuvuta kwa kuchelewa. Kosa liko wapi? — Mwenye Boya

JIBU: Ndugu, kosa haliko kwenye mkono wako; liko kwenye namna ulivyofunga chambo. Kapu hufyonza kitu, hukipima kwa midomo na sharubu zake nne, na akihisi chuma hukitema papo hapo. Ukiifunika ndoana yote kwa chambo, ncha yake haina nafasi ya kushika anapotema.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Waingereza wawili, Lenny Middleton na Kevin Maddocks, walibuni njia ya kukifunga chambo nje ya ndoana, kwenye uzi mwembamba mfupi unaoning'inia kutoka kwenye shina lake. Samaki hufyonza punje, ndoana huifuata ikiwa wazi, na anapojaribu kutema ncha hukamata mdomo wa chini. Acha nafasi ndogo tu, ya milimita chache, kati ya ndoana na chambo. Ukimaliza kufunga, ijaribu: laza chambo na ndoana kwenye kiganja, kisha vuta uzi polepole. Ndoana ikigeuka na ncha yake ikaelekea kwenye ngozi, umefunga vizuri. Ikiteleza ubavu bila kugeuka, fungua uanze upya.

Ukitumia njia hii, weka boya kando na uchukue chubwi nzito ya gramu 60 hadi 80 chini ya maji, kwani uzito huo ndio unaoizamisha ndoana mdomoni mwa samaki anapoondoka. Hakikisha tu kwamba chubwi inaweza kuchomoka mshipi ukikatika, ili samaki asibaki akiiburuta maisha yake yote. Pia usiondoke kwenye fimbo hata kidogo bila mwenzako kuishika zamu; kapu mkubwa anaweza kuivuta fimbo nzima hadi majini kwa mkupuo mmoja.

SWALI: Rafiki yangu hupenda kumwinua samaki akiwa amesimama ili tumpige picha, kisha tunamrudisha ziwani. Je, kuna ubaya? — Mpenda Samaki

JIBU: Ubaya upo, dada au kaka, na si mdogo. Kapu wa kilo kadhaa akipapatika kwenye mikono ya mtu aliyesimama huanguka kutoka kimo ambacho kinaweza kumpasua viungo vya ndani, naye huogelea akaondoka na kufa baadaye mahali msipomwona. Mwambie rafiki yako apige magoti, ashike samaki juu kidogo tu ya mkeka mnene uliolowa maji, na mikono yake iwe imelowa pia, kwa sababu mikono mikavu huondoa ute unaomkinga samaki dhidi ya magonjwa.

Kazi ya mwenzi wa mvuvi huanza kabla ya hapo. Samaki anapokaribia, yeye auzamishe wavu wa mkono na kuutuliza chini ya maji, na mwenye fimbo amlete samaki juu yake. Kumkimbiza samaki kwa wavu humfanya akurupuke, na ndipo mishipi mingi hukatika. Breki ya kigurudumu cha mshipi iwe imelegezwa kiasi cha kumwachia akimbie. Napendelea pia ndoana isiyo na kijimwiba cha kurudi nyuma, kwa kuwa hutoka bila kuchana mdomo. Wakati wa kumrudisha, mshikeni majini akiwa wima mpaka aondoke kwa nguvu zake mwenyewe.

Hata hivyo, kabla ya kumrudisha, ulizeni sheria ya mahali mlipo. Katika maziwa mengi ya Uingereza kumrudisha kapu ndiyo kanuni, ilhali katika jimbo la Queensland, Australia, ambako samaki huyu ni mgeni anayechafua maji na kuwasonga wenyeji, sheria inakataza kumrudisha majini. Popote pale, msimchukue akiwa hai kumpeleka ziwa jingine. Kuna ugonjwa wa virusi uliotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 unaoua kapu pamoja na ndugu zao wa mapambo, koi, na husafiri na samaki, maji na nyavu zilizolowa. Anikeni wavu na mkeka juani mpaka vikauke kabisa kabla ya kwenda kuvua ziwa la pili.