Taa za kiwanja usiku: kwenu mnaoanza urubani

Usiku wa kwanza nilipokabidhiwa ndege ya mafunzo nilikuwa nimekariri rangi zote za taa za kiwanja. Nilipoanza kuitembeza nikaona vitone vya bluu, kijani na vyeupe kila upande, nikapotea. Mwalimu akasema: simama kwanza, kisha niambie uko wapi. Nami nawaambia hivyo hivyo. Usisogeze ndege kama hujui ulipo.

Anza na kingo. Taa za bluu pembeni ni za barabara ya kiungio, ile ya kuitembezea ndege kwenda na kutoka pa kurukia; nyeupe ni za barabara ya kurukia. Ukidhani umefika pa kurukia na pembeni bado ni bluu, hapo sipo. Na mstari wa taa nyekundu uliokatiza njia mbele yako usiuvuke, hata kama umesikia mnara wa kuongozea ndege ukikuruhusu. Uliza tena, ungoje zizimwe.

Tarehe 27 Agosti 2006, alfajiri bado giza, ndege ya Comair nambari 5191 ilipangiwa barabara ya 22 huko Lexington, Marekani, ikaingia ya 26, yenye urefu wa karibu nusu tu ya ile. Taa za kingo zake hazikuwa zimewashwa. Marubani waliliona hilo wakiwa tayari wanakimbia kuruka, wakaendelea. Walikufa watu 49 kati ya 50. Kila nikifundisha nalisimulia, maana giza lile lilikuwa linawaambia kitu. Kabla ya kuongeza nguvu ya injini, tazama dira: barabara ya 22 inaelekea karibu nyuzi 220. Ni kazi ya sekunde mbili.

Katika kutua, rafiki yako ni zile taa nne za mwinamo, zinazokuonyesha kama unashuka kwa pembe sahihi, kwa kawaida zikiwa kushoto mwa barabara ya kurukia. Nyeupe mbili na nyekundu mbili, uko sawa. Zote nyeupe, uko juu mno. Zote nyekundu, uko chini mno, na hilo ndilo la kuogopa. Wanafunzi wengi huzikimbiza: moja ikibadilika rangi wanavuta usukani kwa nguvu, mara wamepita kiasi upande wa pili. Sahihisha kidogo, subiri uone. Na pale ambapo kabla ya kiwanja ni maji au pori lisilo na taa hata moja, macho hudanganya. Utajiona uko juu kuliko ulivyo, mkono utake kushusha pua ya ndege. Imenitokea, na hisia ile ina nguvu kweli. Zifuate taa nne.

Taa za ndege yenyewe hazina ugumu. Ile nyekundu ya kumwekamweka iwashe kabla ya injini, kuna watu chini. Ukiona ndege nyingine ina nyekundu kulia kwako na kijani kushoto, inakutazama uso kwa uso.

Halafu punguza mwanga ndani ya chumba cha rubani mapema. Macho huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza, na mmweko mmoja wa simu unakurudisha mwanzo.